Mazoezi ya Kusindikizana

Nilisoma elimu ya viungo na michezo chuo kikuu, na kila ninapolitaja jambo hilo watu hunitazama kuanzia miguuni kwenda juu, wakitafuta mahali nilipoficha misuli. Sina. Sikuwahi kuwa nayo. Alama zangu za kidato cha sita hazikutosha kunifikisha udaktari, nikachukua kozi iliyokuwa karibu na hapo. Kwenye mitihani nilikuwa moto. Ungeniuliza moyo wa mtu unafanya nini anapokimbia, ningekueleza mpaka uombe maji. Kukimbia kwenyewe nilikukwepa kwa kila kisingizio, na darasa letu karibu lote tulikuwa hivyo hivyo, ukiwatoa wachezaji wachache wa mpira.

Korona ilipoingia na vyuo vikafungwa, nilirudi Ujiji kwa bibi yangu, mama mzaa mama, aliyenilea tangu nikiwa sijui kufunga kamba za viatu. Nilirudi na begi moja, nikidhani ni mapumziko ya muda mfupi. Nilimkuta barazani kwenye kiti cha plastiki, mguu wa kulia ameunyoosha mbele yake, mkono wa kulia ameulaza mapajani kama mzigo wa mtu mwingine alioachiwa auangalie.

Miezi michache kabla ya hapo alipata kiharusi. Nilipopigiwa simu chuoni niliambiwa ni kiharusi chepesi. Simu za nyumbani zina tabia ya kupunguza kila jambo ili mtoto asome kwa utulivu, kwa hiyo sikujua huo wepesi ulikuwa wa kiasi gani. Maneno yake yalirudi yote, na ukali wake ukarudi nao. Mguu ndio uliosita. Daktari mmoja wa mjini Kigoma alimweleza bila kuzunguka: atembee kila siku, aongeze kidogo kidogo, asipofanya hivyo mguu utalegea kabisa na atakuwa mtu wa kitandani. Alipangiwa pia kwenda hospitali kufanyishwa mazoezi. Alikwenda mara chache, kisha korona ikaja, na redio ikaanza kusema wazee wakae ndani. Bibi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuitii redio, siku hiyo aliitii.

Mjomba wangu alikuwa anaishi ua mmoja na bibi. Ni mvuvi wa dagaa. Anaingia ziwani jioni na taa zake, anarudi asubuhi, analala mchana kutwa. Hakuwa mtu wa kumtembeza mama yake. Mama yangu alikuwa Kasulu kwa mumewe na watoto wadogo. Kazi ikaniangukia mimi, mtaalamu wa familia.

Nikaanza kwa mbwembwe. Nilimweleza bibi habari za misuli na mishipa ya damu, nikamchorea mchoro kwa kijiti mchangani. Alisikiliza kwa heshima zote. Nilipomaliza nikamwambia asubuhi ile tutatembea kutoka barazani hadi kona, tuguse nguzo ya umeme, turudi.

"Tukifika kwenye nguzo tunafanya nini?"

"Tunarudi, Bibi."

"Tumefuata nini huko?"

"Hatufuati kitu. Tunatembea tu."

Akanitazama kwa huruma. "Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo alivyoniita akiwa na utani au akiwa na hasira, na ilibidi usubiri ujue ni ipi, "mimi nitoke hapa na fimbo, nikaguse nguzo ya umeme, nirudi mikono mitupu, watu wananitazama? Watasema kiharusi kimepanda kichwani."

Hapo nilichemka, lakini ukweli alikuwa nao. Ujiji mtu akipita barabarani kila baraza inamuuliza anakwenda wapi, na anatakiwa awe na jibu. Bibi katika uzima wake alitembea sana kuliko mimi, ila hakuwahi kutembea bure. Alitembea kwenda msibani, kwenye maulidi, kwenye harusi, kumjulia hali mzazi, kumpelekea mgonjwa uji. Safari zote hizo korona ilikuwa imezifunga kwa mkupuo. Akabaki na kiti chake, na kila siku akikaa nilikuwa nauona ule mguu ukizidi kuwa wa mtu mwingine. Niliogopa. Usiku nilikuwa nikimwaza amelala chali ndani ya chumba chake chenye joto, akimsubiri mtu aje amgeuze, naye ni mtu ambaye hata kunyooshewa chumvi mezani anaona ameonewa huruma.

Siku hizo mwalimu wetu mmoja wa chuo alitutumia dodoso kwenye simu. Alitaka kujua wanafunzi tunaelewa nini kuhusu mazoezi, tunayaonaje, na tunayafanya kiasi gani wakati huu tuko nyumbani. Kundi letu la darasa likawaka. Mmoja aliandika kwamba mazoezi yake ni kutoka kitandani kwenda kwenye sufuria. Mwingine akasema, "Oya, suruali zangu zote zimenikana." Mimi nililijaza nikiwa nimelala ubavu kwenye mkeka hapo barazani, mhogo wa kukaanga mkono mmoja, simu mkono wa pili. Unajua faida za mazoezi? Ndiyo. Unaamini yanasaidia kujikinga na maradhi? Ndiyo, kabisa. Wiki iliyopita ulifanya mazoezi mara ngapi?

"Unaandika nini hapo muda wote?" bibi akauliza.

Nikamsomea. Akataka nirudie lile swali la mwisho, nikarudia, akacheka mpaka akashika mbavu kwa mkono wake mzima.

"Andika hivi: anajua, hafanyi. Halafu chini yake uniandike na mimi, hivyo hivyo."

Liliniuma. Nikaapa kimoyomoyo kwamba kesho yake nitakimbia.

Nilitoka jua likiwa limechomoza, nimevaa suti ya michezo ya chuo, barakoa ya kitenge usoni, na visikilizio masikioni. Nikashuka mbio kuelekea ziwani. Sikufika hata kwenye kona nikaona milango inafunguka. Wiki zile mtu aliyeonekana akikimbia asubuhi alikuwa amebeba habari moja tu. Mama mmoja jirani yetu, Mrundi aliyekuja huku kama mkimbizi akiwa msichana na akazeekea hapa hapa, aliutupa ufagio akaanza kunifuata huku amejishika kichwa. Mzee wa nyumba ya pili, baharia wa zamani wa meli za ziwani, alisimama na kikombe chake cha chai akaniita. Nilimpungia mkono, nikaendelea. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mapigo ya moyo yakishapanda hayafai kukatizwa. Kule ufukweni nusura nikanyage dagaa waliokuwa wameanikwa mchangani, nikatukanwa kidogo, nikageuza kwa njia nyingine.

Nilipofika nyumbani habari zilikuwa zimeshatangulia. Bibi alikuwa amekaa wima.

"Kuna msiba gani ambao mimi sijaambiwa?"

"Hakuna msiba, Bibi. Nilikuwa kwenye mazoezi."

"Na yule mzee uliyempita, naye alikuwa kwenye mazoezi? Umempita mzee wa watu bila shikamoo kama umepita ukuta!"

"Bibi, nikisimama mapigo ya moyo yanashuka."

"Yashuke!"

Inabidi nieleze kwamba kwetu salamu si neno la kurusha ukiwa unapita. Mzee wa Kiha anakuambia "Mwakeye," unainama, unapiga viganja taratibu, anakuuliza wa nyumbani, watoto, mihogo shambani, na wewe unamuuliza hivyo hivyo. Hakuna njia ya kuifanya hiyo ukiwa unakimbia. Kwa hesabu ya bibi nilikuwa nimevunja heshima ya nyumba yetu kutoka barazani hadi ziwani.

"Niletee kanga yangu," akasema. "Na ile fimbo. Tunakwenda kuomba radhi."

Nikaingia ndani mbio kabla hajabadili mawazo. Sikulitaja neno mazoezi, sikulitaja neno mguu. Nilimfunga kanga, akaweka mkono wake begani kwangu, tukashuka ngazi za baraza. Mguu wa kulia ulikuwa hauinuki. Aliuburuta, na nyuma yetu ukaacha mstari kwenye vumbi.

Mzee baharia alikuwa ameweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni pa ua, na alikuwa na msimamo wake kuhusu ugonjwa: haingii mtu. Alitusalimu kwa mbali, sisi tukiwa nje na yeye ndani ya ua. Bibi akatoa hotuba yake ya kuomba radhi. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaangua kicheko.

"Mimi nilijua anakimbilia kumwita daktari kwa ajili yako," akamwambia bibi. "Nilishaanza kukusomea dua."

Hapakuwa na kiti cha kukaribishwa, wala chai. Bibi akaaga. Mzee akaonekana kufadhaika. Wageni wamekuja mlangoni kwake, mmoja wao mgonjwa, na wanaondoka hawakuonja hata maji. Akachukua fimbo yake, akavuta barakoa juu ya pua.

"Ngojeni basi niwasindikize."

Kusindikiza ndiyo heshima pekee ambayo ugonjwa haukuwa umeigusa. Kwetu mgeni haachwi aondoke peke yake; unatoka naye, unamsogeza kipande cha njia mkiongea, na mara nyingi maneno yenye maana husemwa hapo na si ndani. Mzee alitusindikiza mpaka barazani kwetu, yeye upande mmoja wa njia na sisi upande wa pili, wakipigiana kelele habari za meli iliyotia nanga zamani. Nikadhani tumemaliza. Nikamvutia bibi kiti.

"Unaniwekea kiti gani?" akanikemea. "Mzee wa watu amenisindikiza mpaka kwangu na mguu wake mbovu, nimwache arudi peke yake?"

Tukamrudisha mpaka nusu ya njia. Tuliporudi na bibi akakaa hatimaye, alikuwa anatoka jasho kwenye paji la uso na anahema. Alikuwa ametembea kuliko siku yoyote tangu augue. Nilitamani kuruka. Nilikwenda jikoni nikacheka peke yangu mbele ya sufuria ya maharage.

"Kesho tunakwenda kwa mama wa Burundi," akasema kutoka barazani. "Alitupa ufagio wake kwa sababu yako."

Mama wa Burundi alikuwa Mkristo wa kanisani kila Jumapili, na bibi yangu alikuwa mtu wa swala tano. Walikuwa wamesaidiana misiba na uzazi kwa miaka mingi. Alipotuona mlangoni alitaka kumkumbatia bibi, akakumbuka, akabaki amekumbatia hewa, na machozi yakamtoka. Tangu watu waambiwe wakae ndani hakuna aliyemtembelea. Tulipoaga akasema, "Reka nguherekeze," yaani acha nikusindikize; kwao ni hivyo hivyo, mgeni haachwi. Akatusindikiza kupita kwetu, akaongea mpaka tukajikuta karibu na kisima, ikabidi sote turudi.

Baada ya hapo sikupanga tena ratiba. Ratiba ilijipanga. Leo bibi kaenda kwa fulani, kesho fulani anakuja kusimama uani kwetu, na akiondoka lazima asindikizwe, na aliyesindikiza lazima arudishwe. Jioni njia yetu ilikuwa na wazee wawili watatu wanaotembea mbali mbali, barakoa zimeshuka kidevuni, wakizungumza kwa sauti za kuitana ng'ambo ya mto. Walikuwa wamefungiwa na woga, na walikuwa na njaa ya kuonana. Mimi nilitembea nyuma nikiutazama ule mstari wa vumbi. Mwanzoni ulikuwa mmoja mrefu usiokatika. Baadaye ukaanza kukatika katika. Nilimwandikia mwalimu wangu ujumbe kuhusu jambo hilo, kisha nikaufuta, maana sikujua ningeliweka kwenye swali lipi la dodoso lake.

Halafu bibi akaanguka. Mvua ilikuwa imenyesha, na karibu na mfereji palikuwa na utelezi. Nilikuwa nimemwachia bega kidogo ajaribu mwenyewe. Hakuvunjika kitu, ila aliumia nyonga, na tulipomfikisha nyumbani mjomba aliamka kwa kelele zetu. Alimwona mama yake na matope mpaka shingoni, akanigeukia.

"Utamuua mama yangu na hayo masomo yako! Redio inasema wazee wakae, wewe unamzungusha mtaani!"

Nilipiga magoti nikaanza kumfuta bibi matope. Mjomba alikuwa amekesha ziwani na sasa hivi anamkuta mama yake katika hali ile. Ningekuwa yeye ningepiga kelele zaidi.

Bibi akarudi kwenye kiti. Kwa siku kadhaa hakutoka, na mimi sikuthubutu kumwambia atoke. Wageni wake wakaja. Mama wa Burundi alisimama uani akamweleza habari za soko la Katonga, kwamba wanunuzi wa ng'ambo ya ziwa hawaji na dagaa wamelala. Alipoaga, bibi alijaribu kuinuka, maumivu yakamrudisha chini. Yule mama akasema haidhuru, akaondoka peke yake. Bibi alimtazama mgongo mpaka alipokata kona. Kisha akajifunika uso kwa kanga. Sikuwahi kumwona bibi yangu akilia, hata alipofiwa na babu sikumwona. Sasa nilimsikia, na sikujua nikae au niondoke. Nikakaa.

"Mgeni wangu ameondoka kama aliyefukuzwa," akasema.

Alipokuja mzee baharia siku iliyofuata, bibi aliinuka kabla hajaaga. Alinishika bega kwa nguvu mpaka kucha zikanichoma. Akamsindikiza hatua chache tu, hadi mwisho wa ua wetu, akasema, "Nisamehe, leo naishia hapa." Mzee alivua kofia. Mjomba alikuwa mlangoni anaona. Alikwenda kuchukua jembe, akaanza kuchimba na kujaza kokoto pale penye mfereji.

Tangazo la vyuo kufunguliwa lilipotoka redioni, wenzangu walishangilia kwenye kundi. Mimi nilikosa hamu ya kula. Mstari wa mguu wa bibi ulikuwa umebaki kuwa alama fupi fupi tu, lakini bega lake lilikuwa mimi. Wazee wenzake walitembea mbali naye kwa ajili ya ugonjwa. Aliyemshika nilikuwa mimi peke yangu. Nikiondoka, si atarudi kwenye kiti? Nikamwambia nitaandika barua niombe kuahirisha mwaka.

"Uahirishe mwaka kwa ajili ya mguu?" akasema. "Mguu si mtoto mchanga, eti utalia ukiachwa. Nenda, mke mwenzangu."

Basi lilikuwa la alfajiri, kwa hiyo jioni ya kuamkia safari nilikwenda kulala kwa shangazi yangu Katubuka, mjini Kigoma, asubuhi isiwe shida. Bajaji ilikuwa inanisubiri kwenye lami, kwa sababu njia yetu ilikuwa imeharibiwa na mvua. Bibi akasema atanisindikiza. Mjomba alitangulia na begi langu, akalipakia, akapitiliza ziwani maana taa zilikuwa zinamsubiri. Mzee baharia alitoka akasogea nasi mpaka mwisho wa ukuta wake. Mama wa Burundi alisogea mpaka kisimani, akanipa chupa ya mawese ya kupeleka chuo, sijui nikaipikie wapi. Kila mmoja alipofika mwisho wake aliaga, akageuka. Tukabaki wawili, mkono wake begani kwangu, mpaka kwenye lami.

"Sasa twende nikurudishe nusu," nikamwambia. "Bajaji itangoja."

"Ukinirudisha, nami itabidi nikusindikize tena," akasema. "Tutafanya hivyo mpaka basi liondoke."

Akaondoa mkono begani kwangu. Akauweka juu ya fimbo, juu ya ule mkono mwingine, akasimama hivyo kidogo ajipime. Aliniambia nisalimie wazee njiani, hata wale wa huko mjini wasioitika. Kisha akageuka.

Nilisimama kando ya bajaji. Alikwenda polepole, akiinamia fimbo, akisimama na kuendelea. Kwenye baraza ya kwanza walimuuliza anatoka wapi, na nikamsikia akijibu kwa sauti kubwa kwamba anatoka kumsindikiza mjukuu wake anayerudi chuo kikuu. Hakuwa na mtu pembeni. Miezi yote ile nilikuwa nikitaka jambo hili moja tu, atembee bila mimi, na sasa nilikuwa nikiliona, na lilinichoma kuliko nilivyotarajia. Nililia bila kujificha.

Dereva wa bajaji, kijana wa rika langu, alizima injini. "Pole dada," akasema kwa sauti ya chini. "Kuna msiba?"

"Hapana," nikamwambia. "Yule pale ni bibi yangu. Anatembea."